Salamu za Mwanakuu

Kwanza nilisikia ukanda wa mashine ya kutembezea wagonjwa. Ulikuwa ukizunguka nyuma ya pazia la kijani, kru, kru, kru, pole pole, na juu yake raba za kuazima zikipiga kwa mwendo ule ule ambao dada yangu huutumia akienda kuchukua maziwa. Sikuwa nikiona kitu. Nilikaa kwenye benchi, mikono nimeikunja kifuani, masikio nimeyatega kama askari wa zamu.

"Sasa naongeza," ilisema sauti ya mwanamke.

Ukanda ukaanza kunguruma. Raba zikaharakisha, lakini hazikufika mbali.

"Ahsante," akasema Mwanakuu, kwa sauti laini, kama mtu anayekataa kikombe cha pili cha kahawa. "Nimetosheka."

Ukanda ukazimwa. Nikasikia kitanda kikilia, mtu akilazwa ubavu, kisha kimya, na ndani ya kimya hicho mlio wa ajabu, shwa-shwa, shwa-shwa, kama mtu anayefua nguo ndani ya redio. Huo, niliambiwa baadaye, ulikuwa moyo wa dada yangu.

Ni mimi niliyeng'ang'ania kukaa pale. Baba yetu hayupo tena, mimi ndiye mwanamume wa nyumba, na asubuhi ile nilimwambia daktari, mbele ya wagonjwa wengine, kwamba binti wa mtaa wa Kuze si gunia la bandarini la kupakuliwa na kila mtu. Daktari Nicodemus, mtu mfupi mwenye subira, hakunijibu kwa ukali. Alisema nyaya za kifuani na kipimo chenyewe vitashikwa na muuguzi Kache. Yeye ataangalia kioo tu. Nikasema basi na mimi nitakaa hapa, penye pazia. Akasema, "Kaa."

Sasa alitoka nyuma ya pazia akifuta mikono.

"Kipimo hakikutimia," alisema.

"Hakikutimia vipi? Si ametembea?"

"Ametembea."

"Ameanguka?"

"Hakuanguka."

"Basi mzima."

Daktari akavuta kiti, akakaa mbele yangu, akanieleza tena yale aliyokwisha kutueleza. Mwanakuu alipokuwa mdogo aliugua koo, akapata homa na maumivu ya viungo, na homa ile ikamwachia moyo wenye kilema: mlango mmoja wa ndani, upande wa kushoto, umekakamaa, haufunguki wote. Damu itokayo mapafuni inakwama pale, inarudi nyuma, na mishipa ya mapafu inajaa presha.

"Si hii presha ya kupimwa mkononi," alisema. "Hii imo mapafuni, na upande wa kulia wa moyo ndio unaobeba mzigo wake. Dada yako akikaa kitako, moyo unasema uongo. Unaonyesha mambo ya kadiri tu. Ndiyo maana nilitaka kuuona ukifanya kazi."

Kulikuwa na madaktari wapasuaji waliokuwa waje baada ya Maulidi. Wangewachukua wale ambao presha ya mapafu yao inapanda wazi wakijitahidi. Wengine wangengojea safari nyingine, na hakuna aliyejua safari nyingine ni lini.

"Amesimama kabla moyo haujaanza kazi," alisema daktari. "Sina cha kuwaonyesha. Mrudishe, atembee mpaka pumzi imshinde kweli. Na kwa sasa asiolewe. Mimba inaweza kumuua."

Damu ikanipanda. "Daktari, dada yangu ni mwari. Mimba umeiona wapi?"

"Sijasema anayo. Nasema isije."

"Uchunge ulimi wako!"

Kache alitoa kichwa kando ya pazia. Ni msichana wa Kaloleni, mrefu, mwenye macho ya kucheka. "Kaka," alisema, "hapa tunapima moyo wa dada yako. Wako nauona umepanda hata bila mashine."

Wagonjwa wakaangua kicheko. Nikamwita Mwanakuu, tukaondoka.

Teksi ilituacha barabarani, maana vichochoro vya Kuze havipitiki kwa gari. Nilikuwa na haraka. Mimi ni fundi wa mapangaboi, na kibandani kwangu yalikuwa yananingoja kadhaa, ya watu waliokuwa wakilala kwa jasho. Lakini kutembea na Mwanakuu si kutembea. Mlango wa kwanza tu, akasimama.

"Sabalkheri, Bi Salha. Mwaamkaje?"

"Akheri, mwanangu, twashukuru. Mama yuwaje?"

"Hajambo, awasalimu. Na mguu wenu?"

Mguu wa Bi Salha ukaelezwa wote, kutoka kisigino mpaka nyonga. Tukaenda kidogo, tukafika kwa mzee auzaye mabuyu na achari. Hapo ikaulizwa bei ya achari ya ndimu, na ya embe, na kwa nini ya embe imepanda. Kisha mshona viatu na wajukuu wake. Kisha mke wa mwalimu wa madrasa.

"Wewe wagombea kiti?" nilimuuliza. Ulikuwa mwaka wa tisini na saba, kuta zote zina picha za waheshimiwa watarajiwa. "Nambie, nikubandike ukutani."

Alitabasamu. Alikuwa keshasimama tena.

Nilimkejeli kwa mdomo, moyoni nikajivuna. Wasichana wengine hupita mtaani kama mshale. Mwanakuu hampiti mtu. Wazee walimtaja barazani kama mfano, na ni salamu hizo hizo zilizomfanya Bi Mahira, jirani yetu wa mlango wa tatu, amtake kwa mwanawe Shukri. Posa ilikuwa imeletwa. Ilingoja jawabu langu.

Siku ile Bi Mahira alikuwa mlangoni.

"Nasikia mlikuwa hospitali," alisema, hata salamu hazijakwisha.

"Tulikuwa," nilijibu kabla Mwanakuu hajafungua mdomo. "Amepandishwa mashine ya moyo, ile ya kisasa, ameshuka anatabasamu."

"Alhamdulillahi. Maana watu wana maneno."

"Wenye maneno waje kwangu, Bi Mahira."

Mwanakuu alinitazama. Midomo yake iliachana kidogo, ikafungana. Nilidhani ni haya ya mwari anayezungumziwa mbele ya mkwe.

Jioni mama aliniuliza, "Na daktari amesemaje hasa?"

"Amesema hakuna alichokiona," nilijibu, na nikajiona hodari, kwa sababu kila neno lilikuwa la kweli. Wiki ile ile nikatoa jawabu. Nikaha ikapangwa mfungo saba, Maulidi yakisha.

Siku ya zefe ya Maulidi mtaa wetu ulihamia barabarani. Wanaume walikuwa kwenye maandamano, wanawake na watoto kando ya njia wakitazama. Mimi ndiye niliyekuwa mtu wa vipaza sauti, na waya mmoja ukanifia mkononi. Nikarudi mbio nyumbani kuchukua mwingine. Vichochoro vilikuwa vitupu, hata paka sikuwaona. Nilipoikaribia kona, nikasikia sauti ya dada yangu.

"Sabalkheri, Bi Zena. Mwaamkaje?"

Kimya.

"Na watoto... hawajambo?"

Kimya tena. Na katika pengo la maneno yale palikuwa na sauti nyingine, ya kukwaruza, kama pampu ya baiskeli iliyotoboka.

Miguu ikanisimama. Bi Zena na wanawe walihamia Tudor mwaka uliopita. Mlango wao una kufuli, na kufuli lina kutu.

Nikaikunja kona. Sinia la kaimati za madrasa alikuwa ameliweka kizingitini. Kwa mkono mmoja ameushika mwimo wa mlango, buibui limemganda mgongoni kwa jasho, mabega yanapanda na kushuka, yanapanda na kushuka. Midomo yake ilikuwa rangi ya zambarau. Alikuwa akiuamkia mlango.

"Mwanakuu."

Aligeuka. Nimeuona uso wa dada yangu katika kilio na katika homa, lakini ule sikuwahi kuuona. Ulikuwa uso wa mtu aliyefumaniwa uchi.

"Nilisikia mtu aja mbio," alisema, maneno mawili, pumzi, maneno mawili. "Nilidhani... si wewe."

"Wamwamkia nani? Hapa hapana mtu."

"Wajua."

Sikujua. Au ndiyo kwanza nilikuwa najua, na naisukuma habari ile irudi ilikotoka. Nilimkalisha kwenye baraza ya mawe, nikasimama mbele yake kama mjinga na waya wangu begani. Alitulia baada ya muda mrefu. Alipoanza kusema, hakunitazama.

"Kwa Bi Salha ndipo pumzi ya kwanza huisha. Humuuliza mguu, kwa sababu mguu ni mrefu. Mzee wa achari hana maneno mengi. Kwake huuliza bei za vitu nisivyovitaka. Kwa Bi Mahira huwa nimekwisha kabisa, lakini bahati yeye husema peke yake."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani. Ila mwaka huu milango imezidi."

Kwa mbali zefe ilikuwa ikipita, twari zikirindima, na katikati kipaza sauti changu kibovu kikikoroma.

"Na hospitali?" nikauliza. "Kache hakukwambia utembee mpaka ushindwe?"

"Aliniambia."

"Basi mbona ulisimama mapema?"

"Sikusimama mapema. Pumzi ilikuwa imeanza kunishinda. Nilisimama kabla kuhema kwangu hakujasikika."

"Kabla hakujasikika na nani? Daktari ndiye aliyetaka kusikia!"

"Ulikuwa nyuma ya pazia, Hussam."

Akaendelea kwa sauti ya chini, bila hasira, na afadhali angekuwa na hasira.

"Siku ya harusi ya binamu yetu tulipanda ngazi pamoja. Nilipofika juu ukanambia, mbele ya watu wote, nahema kama punda wa mkokoteni. Wakacheka. Tangu siku ile sijahema mbele yako."

Nilijaribu kukumbuka. Harusi niliiona, ngazi niliziona, hata pilau ile nilipata harufu yake. Punda sikumwona. Neno ambalo dada yangu alilibeba miaka yote ile akipanda na kushuka nalo, mimi nililitema na kuendelea kula. Masikio yaliniwaka. Nilitamani Mwanakuu anitukane, aninyang'anye waya anichape nao. Yeye aliinama akaliokota sinia.

"Nenda na waya wako," alisema. "Watu wangoja."

"Wangoje," nilisema. Nikampokea sinia.

Asubuhi yake nilikwenda kwa Bi Mahira. Ni milango mitatu tu kutoka kwetu, na sijawahi kwenda safari ndefu kama ile. Alikuwa akichagua mchele.

"Bi Mahira, nimekuja kulirudisha neno langu."

"Neno lipi? Wewe mwanangu una mengi."

"Nilisema Mwanakuu ni mzima. Si mzima."

Nikamweleza: mlango wa moyo, presha ya mapafu, kipimo kisichotimia, ugomvi wangu na daktari, wapasuaji, na lile la mimba ambalo lilikuwa gumu kulitamka mbele ya mwanamke mkubwa. Mikono yake ilikoma kuchagua.

"Ulisimama hapo hapo uliposimama sasa," alisema.

"Naam."

"Ukanambia wenye maneno waje kwako."

"Naam."

"Basi mimi leo nina maneno."

Akanipa. Aliniuliza kama nilitaka bibi harusi wa mwanawe avalishwe sanda kabla hina haijafutika. Aliniuliza ni kiburi cha aina gani kinachomwoza dada ili mtu asishindwe katika mabishano na daktari. Mimi, nisiyempa mtu nafasi ya kumaliza sentensi mbili, nilisimama natazama makubadhi yangu, na watu wawili waliokuwa wakipita walipunguza mwendo wapate kusikia vizuri. Sikuwafukuza.

Alipochoka aliushika tena ungo wake.

"Na zile salamu?" aliuliza ghafla.

"Alikuwa akipumzika."

"Hapa mlangoni pangu?"

"Kila siku."

Bi Mahira alitazama pale kizingitini kwa muda. "Na mimi nikimsimamisha kwa miguu yake kwa hadithi za kisukari changu." Akatikisa kichwa. "Posa naisimamisha. Sivunji, naisimamisha, Shukri atasema mwenyewe. Lakini mwambie Mwanakuu, ningalimtolea kiti. Mwambie hivyo hivyo. Ningalimtolea kiti."

Tulirudi hospitali wapasuaji wakikaribia kuja. Benchi ile ile, wagonjwa wale wale au mfano wao. Kache alituona kutoka mlangoni.

"Kaka mkali! Leo umekuja kupimwa wewe?"

"Nimekuja kuomba radhi."

"Kwa nani? Mimi nilicheka, hukunikosea."

Nilikuwa nimekusudia kumvuta daktari pembeni. Kisha nikakumbuka kwamba sikumtukana pembeni. Basi alipotoka nilisimama, na kwa sauti ile ile ya siku ile nikasema, "Daktari, nilikukosea mbele ya watu, na nilimkosea dada yangu zaidi. Uniwie radhi." Mzee mmoja alikohoa. Jasho lilinitiririka kama niliyepandishwa ukandani mimi.

Daktari Nicodemus alinitazama, akamtazama Mwanakuu. "Amerudi kwa wakati," alisema. "Tuanze."

Nilimwambia Mwanakuu kwamba nitangoja nje, langoni, mbali.

"La," alisema. "Kaa pale pale."

"Ili?"

"Unisikie."

Nikakaa. Pazia likavutwa. Kru, kru, kru. Raba zikaanza mwendo wa maziwa.

"Naongeza," alisema Kache, ambaye Mwanakuu alikuwa amemweleza habari ya salamu zake. "Haya, Mwanakuu. Na humu hamna wa kumwuliza mguu."

Nilimsikia Mwanakuu akicheka, na kicheko kikamkatikia njiani. Ukanda ukanguruma. Raba zikaharakisha, zikafika pale zilipokoma mara ya kwanza, zikapita. Ndipo nikaisikia. Ilianza kama mnong'ono, ikawa mkwaruzo, kisha ikawa ile pampu iliyotoboka, ikivuta na kukosa, ikivuta na kukosa, wazi, mbele ya daktari, mbele ya wagonjwa wote, mbele yangu. Mama mmoja kwenye benchi alitia kidole sikioni. Mimi mikono niliikalia. Kila pumzi niliihesabu kuwa mlango mmoja wa Kuze.

"Sasa! Lala, ubavu wa kushoto, upesi!"

Kitanda kililia. Shwa-shwa ya safari ile ilikuwa sasa inakimbia, nguo zinafuliwa na mwehu. Sauti ya daktari ikasema kitu kwa haraka, Kache akajibu, kisha pakawa na pumzi peke yake, ikishuka polepole sana.

Daktari alipotoka, uso wake ulikuwa mzito na wenye furaha kwa pamoja, na mimi sikujua niushike upande gani.

"Presha ya mapafu imepanda juu sana," alisema. "Na upande wa kulia wa moyo unahangaika. Haya ndiyo niliyokuwa nikiyatafuta. Wapasuaji wakifika, yeye atakuwa mbele. Siwezi kukwambia kisu hakina hatari. Lakini sasa watajua wanakata nini na kwa nini."

Tulirudi kwa teksi mpaka mwanzo wa mtaa. Mlangoni kwa Bi Salha pumzi ilimwisha Mwanakuu, kama kawaida, akasimama. Alifungua mdomo kuamkia. Maneno hayakuja, ukanda ulikuwa umeyachukua yote.

"Leo kimya, Mwanakuu?" aliuliza Bi Salha. "Hata mguu hauulizwi?"

Kwenye baraza ya pili wanaume walikuwa wakicheza bao. Mmoja aliinua kichwa, kisha wa pili. Mwanakuu aliinamisha uso na kuuvuta ukaya wa buibui. Nilihisi moto ukinipanda shingoni mpaka kwenye masikio, ule ule wa mbele ya Bi Mahira, na nilijua sitauzoea kamwe.

"Apumzika, Bi Salha," nilisema kwa nguvu. "Moyo wake mgonjwa. Karibuni atapasuliwa."

Kete zilinyamaza. Nikakaa barazani, nikamvuta mkono akae kando yangu. Alihema, na kila mtu alimsikia, na hakuna aliyecheka.

"Mpaka siku ya kupasuliwa na baada yake," nilimwambia, na sikuishusha sauti, "kila utakaposimama nitasimama nawe, na atakayeuliza nitamjibu mimi. Wewe hema tu. Nakuahidi, Mwanakuu, hutamuuliza tena mtu mguu wake, ila siku utakapotaka kweli kujua waendeleaje."